Njiwa wa Mzee Leonardos

Mnara ule, jamani, ulikuwa mzuri mpaka ukakera. Ulisimama chini ya kijiji cha Vounari, pale bonde linapojikunja kuukwepa upepo wa kaskazini. Ulikuwa na ghorofa mbili za mawe, na kuta zake za juu Zanis mwashi alikuwa amezipanga mawe bapa kwa maumbo ya jua, nyota na miti, tundu kwa tundu, hata mtu akipita na punda wake alisimama kutazama, na punda naye akasimama. Kisiwa cha Tinos kimejaa minara ya njiwa, lakini kama huo hapakuwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haukuwa na njiwa.

Msicheke haraka. Kwetu mnara si banda la ndege. Enzi za mabwana wa Venisi mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuujenga, ilikuwa haki ya wakubwa peke yao. Mabwana wakaenda zao, minara ikaangukia mikononi mwa wakulima, na kiburi chao tukakirithi vilevile. Njiwa hutupa nyama, hutupa samadi ya kunenepesha maharage na mizabibu, ila zaidi ya yote hutupa jina. Mtu akija kuposa, wazee hawaulizi ana mashamba mangapi. Wanauliza kama ana mnara.

Zamani Mzee Leonardos hakuwa nao. Alizaliwa hana mbele wala nyuma, akaenda mji wa Smirna, ng'ambo ya bahari, kuosha sufuria katika majiko ya matajiri, akamwacha mkewe Orsa na binti yao Rozina, mtoto wa mwaka mmoja. Alikaa huko miaka kumi na minane, akija likizo mara mbili tu. Aliporudi kabisa alikuwa mpishi mstaafu mwenye tumbo, akiba ya kutosha, na vizibao sita vya mahameli, kila siku ya kazi na kizibao chake. Akamkuta Rozina ni mwanamke mzima, anamzidi kimo, anamwamkia kwa adabu zote kama mtu anayemwamkia mgeni wa mama yake.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita Zanis aje kujenga. Zanis alijenga kwa mwaka mmoja na nusu, na kila adhuhuri Rozina alimpelekea maji. Sijui mwashi gani hunywa maji kiasi kile. Mnara ulipofika ghorofa ya pili, mapenzi yao yalikuwa yameshaezekwa paa.

Siku ya kuubariki, mwezi wa tisa, kijiji kizima kilishuka bondeni. Padri Markantonis akanyunyiza maji, mvinyo ukamiminwa, na Zanis akapata ujasiri wa kumwomba mzee binti yake mbele za watu. Mzee Leonardos alikuwa ameshakolea. Akapanda juu ya jiwe, akaushika msalaba wa padri, akanguruma, "Nakubali! Lakini naapa, binti yangu atatoka nyumbani kwangu siku ambayo mnara wangu una njiwa. Mnara mtupu, hakuna harusi!"

Watu wakashangilia. Zanis naye, masikini wa Mungu, akapiga makofi. Nani angedhani? Kuujaza mnara ni kazi ya miezi miwili. Rozina peke yake ndiye ambaye hakupiga makofi, kwa sababu kiapo cha msalabani kwetu hakitafunwi kikatemwa, na shahidi alikuwa padri mwenyewe.

Mwezi wa kumi mzee akanunua jozi ishirini. Njiwa wapya hufungiwa wiki tatu na wavu kwenye matundu, wapazoee, ndipo waachiwe. Wakafungiwa. Wakaachiwa. Wakazunguka angani mara moja, kisha hao, moja kwa moja ng'ambo ya kijito, kwenye mnara wa Bi Marketa.

Sasa huyo Bi Marketa. Mjane, ulimi wembe, na mnara wake ulikuwa umeinama upande kama mlevi, pembe moja imeegemezwa gogo la mzeituni. Lakini ndani yake mlikuwa na njiwa mia nne. Majira yote alivaa koti la marehemu mumewe, lililochanika mpaka hukujua mkono unaingilia wapi, na kijiji kilishakubaliana kwamba ana mkono wa birika. Mzee Leonardos ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Mtu ana njiwa mia nne na koti moja! Atazikwa na pesa zake!"

Siku ile Bi Marketa alisimama ukingoni mwa kijito, mkono kiunoni. "Nardo!" akapaza sauti. "Asante kwa zawadi! Wengine unaleta lini?"

Wengine waliletwa mwezi wa kumi na moja. Hao walipoachiwa walikaa siku mbili, wakahama nao. Mzee akaona aibu ya mwaka imemshukia, na kwa kuwa aibu ni mzigo unaotafuta mtu wa kubebeshwa, akambebesha Zanis, tena kilabuni mbele ya wanaume. "Umenijengea kaburi lenye madirisha!"

"Mzee, jiwe halimfukuzi ndege," Zanis akasema, masikio yamemwiva.

"Basi nani anawafukuza? Mimi?"

Kwa kweli ndiye yeye, ila pale kilabuni hapakuwa na aliyejua.

Jioni ya siku hiyo Zanis alimfuata Rozina kisimani na habari mbaya zaidi. Kundi la waashi lilikuwa limepata kazi Smirna. Meli ingeondoka Jumanne, siku mbili baada ya Jumapili ya pili tangu Pasaka, na mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Wenye wake wangepewa vyumba. "Nikikataa, nafasi anapewa mwingine, na hapa kisiwani nani ataniajiri baada ya hili kaburi lenye madirisha? Nikienda peke yangu, Rozina, ni miaka mitatu."

Rozina akatua ndoo. "Nimeshamngoja mwanamume mmoja arudi kutoka Smirna," akasema. "Miaka kumi na minane. Sirudii tena, Zanis. Ama naondoka na wewe ndani ya meli hiyo, ama basi."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha akaenda kulia nyuma ya banda la punda.

Mwezi wa kwanza kila nyumba huchinja nguruwe wake, na desturi ni kumpelekea jirani soseji, hata jirani usiyesemezana naye. Orsa akamtuma Rozina kwa Bi Marketa. Mvua ilikuwa inanyesha, na Bi Marketa alikuwa kitandani, goti limevimba kama kibuyu.

"Ah, umekuja na miguu miwili mizima," akasema bila salamu. "Wapelekee wale wapumbavu shayiri yao. Vaa koti."

"Nina shali yangu, Bi Marketa."

"Vaa koti, nimesema! Watoto wa siku hizi mna masikio ya mapambo?"

Rozina akalivaa, pua ameikunja. Alipofika chini ya mnara na kapu la shayiri, njiwa wakamshukia. Mabegani, kichwani, mikononi! Mmoja akamwingia mfukoni kabisa, akajilalia humo kana kwamba ni kwake. Rozina hajawahi kuonana na ndege wale maishani mwake. Akasimama palepale, mvua inamchuruzika. Kisha polepole akalivua lile koti, akalitundika kwenye tawi la mtini, akarudi nyuma hatua tano. Njiwa wote wakaruka kwa hofu. Na waliporudi, hawakumrudia yeye. Walitua kwenye koti.

Alirudi mbio mpaka akateleza mara mbili. "Bi Marketa! Hawakujui wewe! Wanalijua koti!"

Bi Marketa akacheka mpaka akashika goti kwa maumivu. "Miaka kumi na moja wananiita bahili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Koti ndilo mwenye mnara, binti. Mimi ni mchukuzi wake tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Baba yako aliuliza? Nilikuwa namwona kutoka dirishani hapa. Jumatatu kizibao chekundu, Jumanne cha kijani, Jumatano cha manjano, wageni nyuma yake, anapiga makofi wamuone! Ndege anaona kila siku anavamiwa na mwizi mwingine. Hata mimi ningehama."

Usiku huo mezani Rozina alieleza yote. Mzee Leonardos akaweka kijiko chini. "Niende mnarani kwangu na koti la ombaomba? Mimi?" Akainuka, kiti kikaanguka. "Miaka kumi na minane nimevaa matambara ya jikoni, mafuta mpaka kwenye nyusi! Niliapa siku nikirudi kwetu, sitavaa kitambaa kibovu hata nikifa. Mnara nimejenga ili niwe mtu, halafu unataka nikaingie humo nimevaa kama mbwa?"

"Nani amesema matambara?" Rozina naye akainuka. Hajawahi kumpandishia sauti baba yake. Sijui hata kama alikuwa anamjua vya kutosha kumpandishia. "Chagua kimoja, baba! Chochote unachotaka! Lakini hichohicho, asubuhi na jioni, mpaka siku ya harusi yangu."

"Chochote?" mzee akauliza.

"Chochote."

Akaingia chumbani, akatoka na kizibao chekundu cha mahameli, kile cha vifungo vya dhahabu, ambacho hata kanisani alikuwa anakionea huruma.

"Hicho?" Orsa akapiga yowe. "Kwenye mavi ya ndege?"

"Kama wataniona kwa nguo moja tu," akajibu mzee, akifunga vifungo, "basi waone nguo."

Akanunua jozi kumi na mbili, wadogo, ambao hawajawahi kuruka. Na safari hii, loo, mtu alibadilika. Aliingia mnarani mara mbili kwa siku, peke yake. Alibisha mlango mara tatu kabla ya kuufungua, kama Bi Marketa alivyomwelekeza kutoka ng'ambo ya kijito kwa matusi. Hakuleta mgeni. Hakupiga makofi. Hata kikohozi alikimeza.

Wiki ya tatu ya Kwaresima akautoa wavu. Rozina alikuwa amesimama naye pale chini, vidole amevisokota kwenye aproni. Njiwa wakatoka, wakaruka juu, wakazunguka mara moja, mara mbili, wakaelekea kijitoni. Mzee akafumba macho. "Niambie wameenda," akasema.

"Fumbua macho, baba."

Walikuwa wamerudi. Wanaingia mmojammoja katika yale matundu ya nyota, kila mmoja akijua mlango wake. Mzee akakaa chini kwenye majani mabichi, mahameli na yote, akalia kwa kwikwi.

Tangu siku hiyo walikuwa wakikaa pamoja jioni, migongo ukutani mwa mnara, wakingoja ndege waingie. Mwanzoni hawakuwa na la kuzungumza. Kisha mzee akaanza kumuuliza maswali ya ajabu. Alipoanza kutembea, alianzia wapi? Jino la kwanza lilimng'oka mwaka gani? Rozina akamwambia kwamba alianza kutembea akishikilia pipa la mvinyo, na ndiyo maana mama yake alidhani atakuwa mlevi. Mzee alicheka siku nzima kwa hilo. Punda peke yake ndiye aliyesimuliwa mara nne.

Hadi Pasaka inapita, mayai yalikuwa yamejaa viotani, na kizibao kilikuwa kimepoteza rangi. Hakikuwa chekundu, hakikuwa cha kahawia, kilikuwa na rangi isiyo na jina, na kilikakamaa hata ukikiweka sakafuni kinasimama wima chenyewe. Orsa alikataa kisiingie ndani. Kikalala msumarini, bandani kwa punda.

Na hapo ndipo balaa lilipotokea, kwa mapenzi matupu.

Orsa, mama wa bibi harusi, alitazama ule msumari Ijumaa, siku mbili kabla ya harusi, akawaza: Jumapili msafara utapita mnarani kabla ya kwenda kanisani, padri atataka kuona njiwa kwa macho yake, kijiji chote kitakuwepo, na mume wangu atasimama mbele yao na kile kitu? Akakichukua kimyakimya. Akakichemsha kwa majivu, akakisugua kwa sabuni, akakianika nyuma ya nyumba, akakipiga brashi, akang'arisha vifungo kimoja baada ya kingine. Jumapili asubuhi kilikuwa chekundu kama siku kiliponunuliwa.

"Lo! Orsa!" mzee akasema, akijitazama. "Umenifufua!" Wala hakufikiri zaidi, kwa maana mtu akipendeza huacha kufikiri. Akatangulia bondeni kufungua mnara, nyuma yake padri, wanakijiji, Zanis na kofia yake mpya. Rozina alitoka mlangoni wa mwisho, shela kichwani. Akatazama bondeni, akaona nukta moja nyekundu mbele ya mlango wa mnara.

"Baba!" akapiga kelele. "Usi..."

Mzee alikuwa ameshabisha mara tatu, ameshafungua.

Njiwa walifumuka kama unga uliopulizwa. Matundu yote ya nyota na jua yalitema ndege, wakapanda juu, wakazunguka bonde, na wachache wakaanza kutua kwenye paa la Bi Marketa. Mnara ukabaki mtupu, kimya, mlango wazi. Rozina alikuja mbio, gauni amelikunja mkononi, akamkuta mama yake ameshika mdomo.

"Si mlisema kizibao?" Orsa alikuwa analia. "Kizibao si ndicho hiki? Mimi nilijuaje ni uchafu wake mnaoutaka!"

Padri Markantonis aliutazama mnara, kisha akautazama msalaba kifuani mwake. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa padri. "Uliapa kwenye huu, Leonardos," akasema kwa huzuni.

Bi Marketa akafika akichechemea, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli. "Wageni wako wako juu ya paa langu, Nardo. Wakiingia tu ndani kwangu hawarudi, na mayai yao huko kwako yatapoa. Fanya jambo, mwanamume! Sasa hivi!"

Rozina alijua la kufanya. Alikuwa amelijua tangu juu mlimani, na ndilo lililomfunga mdomo. Atamwambiaje baba yake, mbele ya watu wote hawa, siku hii? Jumanne meli inaondoka.

Mzee Leonardos akamtazama. Akamtazama Zanis, aliyekuwa ameikunja kofia mpya mpaka imekuwa kitambaa. Akakitazama kizibao chake, akakipapasa kifungo kimoja cha dhahabu. Halafu, bila neno, akaingia ghorofa ya chini, kulikorundikwa samadi ya majira yote ya baridi, akajitupa kifudifudi.

Naam, mbele ya kijiji! Akagaagaa kama punda aliyevuliwa mzigo. Akageuka chali, akajipaka kifuani, akajipaka tumboni, akajipaka mpaka kwenye masharubu. Watu kwanza walipigwa na bumbuwazi, kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, na mzee alipotoka nje akiwa na rangi ileile isiyo na jina, alikuwa anacheka kuliko wote. Akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha mikono, akatulia.

Watu nao wakatulia. Mwenye zamu ya kengele alikuwa ameshashika kamba juu kanisani, padri akampungia mkono kutoka bondeni asipige. Njiwa mmoja wa kijivu akashuka kutoka paa la Bi Marketa, akazunguka juu ya mzee, akageuza kichwa kumkagua upande huu na upande ule, akatua kwenye tundu la nyota, akaingia. Akaja wa pili. Wakaja watano kwa pamoja. Mpaka wa mwisho anaingia, Rozina alikuwa amemshika Zanis mkono kwa nguvu mpaka vidole vya kijana vimekufa ganzi.

"Una njiwa, Leonardos," padri akasema.

"Polepole, wajinga, mtawafukuza tena!" Bi Marketa akawafokea. Basi kijiji kizima kikashangilia kwa kunong'ona.

Mzee alitaka kwenda kubadilisha nguo. Rozina akakataa. Akaupitisha mkono wake kwenye mkono wa baba yake, na kiwiko cha gauni jeupe kikaingia doa la ukubwa wa kiganja. "Gauni, mwanangu!" Orsa akalia. "Acha, mama," Rozina akasema, "wala usije ukalifua," na hapo Orsa mwenyewe akashindwa, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Wakapanda mlima hivyohivyo, watu wakiwaachia nafasi kubwa kwa sababu ya harufu.

Mlangoni mwa kanisa baba humkabidhi binti. Zanis alikuwa ameshanyoosha mkono. Mzee Leonardos akasimama, mkono wa Rozina ameubana kwapani, haachii.

"Baba, watu wanangoja."

"Najua." Hakuachia. Akasogeza mdomo sikioni mwake. "Siku ile juu ya jiwe, nilipokuwa naapa. Unajua niliomba nini moyoni? Niliomba wachelewe. Wachelewe kidogo tu, hao njiwa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika nyumbani, mwanangu, na wewe ulikuwa unaondoka."

Machozi yakamtoka Rozina palepale, wala hakuyafuta. "Umefika, baba," akamwambia. "Nimekuona umefika. Sasa niachie."

Mzee akaachia kidole kimojakimoja, akaushika mkono wa Zanis kwa mkono wake uleule mchafu, akauweka mkono wa binti yake juu ya mkono huo.